Maana ya wazi na maana fiche katika filamu ya Arrival: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Chambuzi za filamu ya Arrival ninazoletewa nizisome hukwama mahali palepale. Mwandishi anafungua kwa sentensi kama "chombo kile kinaashiria upweke wa binadamu", kisha anaendelea hivyo kurasa tatu, ishara juu ya ishara, na hakuna popote anapotuambia chombo kile kilifanya nini. Mwingine huangukia upande wa pili: anasimulia filamu nzima tangu mwanzo hadi mwisho, halafu anafunga kwa "ina mafunzo mengi". Wote wawili wametazama filamu ileile, na wote ni watu makini. Kinachowaponza ni mpangilio wa kazi.

Nimeichagua filamu hii kwa sababu naipenda, na kwa sababu yenyewe inahusu taabu ya kuelewa maana. Ni ya mwaka 2016, imeongozwa na Denis Villeneuve, na Amy Adams anaigiza kama Louise Banks, mwanaisimu anayeitwa na jeshi la Marekani kuzungumza na viumbe waliotua duniani. Njia ninayoieleza inafaa kwa filamu nyingine za kubuni za kisayansi, ila mifano yote ni ya hii moja.

Onyo kabla ya yote: natoboa siri zote, hata ile ya mwisho. Kama hujaitazama, ishia hapa, uitazame, kisha urudi.

## Vitu vya kuandaa

- Filamu yenyewe, dakika 116, kwenye kifaa unachoweza kusimamisha na kurudisha nyuma. Ukumbi wa sinema ni mzuri kwa kufurahia. Kwa kazi hii haufai.
- Daftari. Gawa kila ukurasa kwa mstari wima: kushoto andika WAZI, kulia andika FICHE. Acha ukanda mwembamba pembeni wa kuandikia dakika.
- Sabtaito (maandishi ya maneno ya wahusika chini ya picha) unazoweza kuwasha na kuzima.
- Kamusi. Usicheke, hatua ya 5 haiendi bila kamusi.
- Nafasi ya kutazama mara mbili, siku mbili tofauti. Ukitazama mfululizo, mara ya pili utaona kile tu ulichokiona mara ya kwanza.

Istilahi zitakazotumika ni chache. Maana ya wazi ni kile kinachotokea kweli ndani ya ulimwengu wa filamu: nani alifanya nini, wapi, na kwa nini kwa mujibu wa kilichoonyeshwa. Maana fiche ni kile ambacho tukio hilo linabeba zaidi ya lenyewe. Taashira ni kitu kinachoonekana na kushikika ambacho kimepewa mzigo wa wazo. Jazanda ni picha inayojengwa kidogo kidogo na kutandaa katika kazi nzima. Inatosha.

## Kwa nini filamu za aina hii huponyoka

Mtu akikuambia "punguza sauti, kuta zina masikio", unajua hakuna sikio ukutani. Lakini mhusika wa filamu ya kubuni ya kisayansi akisema maneno hayohayo, huenda ukuta una masikio kweli, umeundwa hivyo, na unasikiliza. Mtu "aliyeuacha moyo wake nyumbani" huenda moyo wake uko nyumbani, ndani ya mashine, unadunda.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Filamu za aina hii huchukua semi na kuzigeuza kuwa matukio. Msomaji asiyelijua hilo hukimbilia maana fiche upesi mno, kwa sababu jambo lisilowezekana humfanya adhani "hii lazima ni ishara". Ndani ya filamu limewezekana. Limetokea. Liandike kwanza kushoto.

## Hatua ya 1: Tazama bila kalamu

Mara ya kwanza weka daftari mbali. Ukiandika huku ukitazama kwa mara ya kwanza, utawinda ishara na kukosa hadithi. Filamu hii imetengenezwa ikuingize kwenye mtego, na mtego huo haufanyi kazi kwa mtu anayeandika.

Utajua umefanikiwa ukifika mwisho na kujisikia umedanganywa, kisha ukagundua kwamba hakuna aliyekudanganya.

## Hatua ya 2: Jaza upande wa kushoto peke yake

Siku nyingine, chukua daftari. Andika kinachotokea. Neno "inaashiria" ni marufuku katika hatua hii, pamoja na ndugu zake "inawakilisha" na "inadokeza".

Chukua onyesho la kuingia chomboni kwa mara ya kwanza. Daftari langu linasema hivi upande wa kushoto: Watu wamevaa suti za kujikinga, rangi ya chungwa. Jukwaa la kunyanyulia watu linawapandisha hadi kwenye mlango ulio chini ya chombo. Wamebeba tundu lenye ndege mdogo. Askari anarusha kijiti kinachotoa mwanga kuelekea juu; hakirudi chini. Wanaruka mmoja mmoja, na ukuta unageuka kuwa sakafu. Louise anahema kwa nguvu, tunasikia pumzi yake ndani ya suti. Mbele kuna mstatili mkubwa wa mwanga mweupe. Nyuma yake, ukungu. Kisha wawili wanajitokeza.

Inachosha? Ndiyo. Lakini kila kitu utakachokihitaji baadaye kimo humo: ndege, pumzi, sakafu iliyogeuka, mstatili. Anayeruka hatua hii huwa anakumbuka "mwanga mweupe" peke yake, na mwanga mweupe hauna la kumpa zaidi ya maneno matupu kuhusu matumaini.

Onyo: usiandike hisia zako kama tukio. "Chombo kinatisha" si maana ya wazi. "Mikono ya Louise inatetemeka" ndiyo.

Mafanikio yanaonekana hivi: mtu asiyeijua filamu akisoma safu yako ya kushoto, aweze kusimulia kilichotokea bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 3: Andika kanuni za ulimwengu huo, kisha kagua wakati

Kila filamu ya aina hii ina sheria zake. Ziandike kwenye ukurasa mmoja. Za hapa ni hizi: vyombo ni 12, vimetua sehemu mbalimbali za dunia, na tunachoingia sisi kiko Montana. Mlango hufunguka kila baada ya saa 18. Wageni wana miguu saba, ndiyo maana wanaitwa heptapodi. Wanaandika kwa duara la wino lisilo na mwanzo wala mwisho. Na hii ndiyo kubwa kuliko zote: anayejifunza maandishi hayo huanza kuuona wakati kama wao wanavyouona, wote kwa pamoja.

Nadharia inayotajwa ndani ya filamu ni ya Edward Sapir na Benjamin Lee Whorf, kwamba lugha huathiri namna mtu anavyoiona dunia. Wanaisimu wengi leo wanakubali athari ndogo tu. Filamu imeichukua nadharia hiyo na kuivuta hadi mwisho kabisa: lugha inabadili macho ya mtu kwa maana ya neno kwa neno. Huo ndio mchezo niliousema, usemi kugeuzwa tukio.

Sasa kosa ambalo nimelikuta mara nyingi kuliko jingine lolote. Filamu inaanza na Louise akiwa na mtoto, Hannah, anayekua, anaugua na kufariki kabla ya kufika utu uzima. Kisha wageni wanakuja. Mchambuzi anaandika: "Louise, akiwa bado na majonzi ya kumpoteza bintiye, anaitwa na jeshi." Hapana. Hana mtoto. Hajawahi kuwa naye. Tulichodhani ni kisengere nyuma (kurudi kwenye yaliyopita) ni kisengere mbele (kuonyesha yajayo).

Ukitaka ushahidi, uko ndani ya filamu. Louise anamwona mtoto na kumuuliza mgeni mtoto huyu ni nani. Mama hamsahau mwanawe. Tena kuna onyesho ambapo Hannah anataka neno la kitaalamu la mchezo ambao pande zote mbili hushinda. Louise hakumbuki. Kambini, mwanafizikia Ian Donnelly, atakayekuwa baba wa Hannah, anatamka istilahi hiyo, na ndipo Louise "wa baadaye" anapoweza kumjibu mtoto. Halafu kuna ile namba ya simu ya Jenerali Shang, mkuu wa jeshi la China, ambayo Louise anaipata kwenye hafla ambayo bado haijafanyika.

Kiswahili kinakusaidia hapa kwa sababu hakikuruhusu kukwepa. Kitenzi cha kusimulia kwa kawaida hudai kiambishi cha wakati. Jaribu kuandika muhtasari kwa njia mbili:

"Louise alijifungua, akamlea Hannah, Hannah akaugua, akafariki. Kisha wageni wakaja."

"Wageni walikuja. Louise alijifunza lugha yao. Atajifungua, atamlea Hannah, Hannah ataugua, atafariki."

Toleo la kwanza ni filamu uliyodhani unaitazama. La pili ndilo maana ya wazi. Kama uchambuzi wako umejengwa juu ya toleo la kwanza, hakuna ishara itakayouokoa, kwa sababu utaandika kuhusu majonzi ilhali filamu inazungumzia uamuzi.

## Hatua ya 4: Kusanya vinavyorudi

Chukua kalamu ya rangi nyingine. Pitia safu ya kushoto na kuzungushia kila kitu kilichojitokeza zaidi ya mara moja. Kanuni yangu ni rahisi: kikionekana mara moja ni kitu, mara mbili, kiwekee alama ya kuuliza, mara tatu na kila mara kimebadilika kidogo, hiyo ni taashira, na sasa unaruhusiwa kugusa upande wa kulia.

Neno la kushikilia hapo ni *kimebadilika*. Kiti kinachoonekana katika kila onyesho bado ni kiti.

Mfano mmoja unaofaulu ni mstatili. Nyumbani kwa Louise kuna dirisha pana linalotazama ziwa. Chuoni, anafundisha mbele ya ukumbi wenye umbo lilelile. Chomboni, mstatili ni kizuizi cha mwanga kati ya watu na wageni. Mara ya kwanza anautazama akiwa mbali. Baadaye anaondoa suti yake ya kujikinga, anausogelea, na kuweka kiganja juu yake. Mwishowe yuko upande wa pili kabisa, ndani ya ukungu. Umbo lilelile, lakini umbali unapungua hadi unakwisha. Kulia unaweza sasa kuandika: "Mstatili ni mpaka kati ya kutazama na kushiriki." Umeipata kwa kupima umbali, hukuiota.

Mfano wa pili ni duara, na huu umesemwa sana, kwa hiyo nitapita haraka: maandishi ya wageni ni duara, hadithi inaishia ilipoanzia, na jina Hannah linasomeka sawa kutoka mbele na kutoka nyuma. Mhusika mwenyewe anamweleza mtoto jambo hilo la jina. Kwa hiyo usilitangaze kama ugunduzi wako.

Mfano wa tatu ni ndege, nao nautunza kwa hatua ya 6.

## Hatua ya 5: Fungua kamusi

Hapa kaa muda mrefu. Filamu hii ni ya mwanaisimu. Maana zake fiche nyingi zimefichwa ndani ya maneno kuliko ndani ya picha.

Anza na mtihani mdogo ambao Louise anampa Kanali Weber, afisa wa jeshi anayekuja kumwita. Kanali anataka kwenda kumchukua mwanaisimu mwingine. Louise anamwambia amuulize huyo mwenzake neno la Kisanskriti la vita na tafsiri yake. Kanali anarudi na jibu: neno ni *gavisti*, na mwenzake amesema maana yake ni mabishano. Louise anasema maana yake ni kutamani ng'ombe zaidi. Neno lina vipande viwili, ng'ombe na tamaa. Mwenzake amesoma maana iliyokomaa, iliyozoeleka. Louise amesoma mifupa ya neno. Onyesho zima halifiki dakika moja, nalo limekupa ufunguo wa filamu yote: aliyetazama kile neno linachosema neno kwa neno ndiye aliyeelewa kwa nini watu walipigana.

Halafu kuna kangaruu. Louise anamsimulia Kanali kwamba mabaharia wa James Cook walipofika Australia mwaka 1770 waliuliza jina la mnyama, wenyeji wakajibu "sielewi", na hilo ndilo likawa jina. Baadaye anamwambia Ian kwamba hadithi hiyo si ya kweli, ila inathibitisha hoja yake. Na ni kweli si ya kweli: neno hilo limetoka katika lugha ya Guugu Yimithirr, ambamo linataja aina ya kangaruu. Kwenye daftari, onyesho hili linakaa vizuri pande zote mbili. Kushoto: Louise anatumia uongo kupata muda wa kufundisha maneno madogo. Kulia: hadithi yaweza kuwa batili kwa maana ya wazi na bado ikafanya kazi kwa maana fiche. Nadhani ni onyesho la werevu kuliko yote katika filamu, na karibu kila uchambuzi hulipita.

Sasa swali la ubaoni. Jeshi linataka kuuliza: mna lengo gani duniani? Louise anaeleza ubaoni kwa nini swali hilo ni zito. Lazima wageni wajue swali ni nini. Lazima wajue tofauti kati ya lengo la mmoja na lengo la wote, kwa sababu Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulipita hili bila kulihisi, maana kwetu tatizo hilo halipo: *lengo lako* ni la mmoja, *lengo lenu* ni la wote. Zima sabtaito, sikiliza asili, uone Louise anahangaika na kitu ambacho silabi moja ya Kiswahili ingekimaliza. Kila lugha ina ukungu wake mahali pake.

Na ukungu wetu uko wapi? Uko kwenye neno ambalo filamu nzima inazunguka.

Wageni wanapoulizwa lengo lao, jibu lao linasomwa na timu ya Montana kama "kutoa silaha". China inalisoma kama "kutumia silaha". Simu zinakatwa, majeshi yanajiandaa. Louise anasisitiza kwamba alama hiyo yaweza kuwa silaha au yaweza kuwa kifaa.

Jaribu kulitafsiri mwenyewe. Tazama kitenzi *kutoa*. Alitoa zawadi: alimpa mtu. Alitoa kisu: alikichomoa. Kitenzi ni kimoja. Katika sentensi ya kwanza mtu anapokea, katika ya pili mtu anakimbia. Tazama nomino. Ukiandika *silaha*, umefunga mlango. Silaha haina maana nyingine ya amani. Ukiandika *zana*, umeuacha wazi, kwa sababu kuna zana za vita na zana za kilimo, na neno lenyewe halikuambii ni zipi. "Wanatoa zana." Hebu isome ukiwa jenerali mwenye hofu, kisha isome ukiwa mkulima.

Kwa hiyo mtu aliyetazama kwa sabtaito inayosema "silaha" amepewa jibu la China kabla ya China. Ndiyo maana nilisisitiza sabtaito ziwe za kuwashwa na kuzimwa.

Neno la mwisho: *ganda*. Jeshi linakiita chombo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya ganda, kama la yai au la konokono. Lakini neno hilohilo la Kiingereza ni kombora la mzinga. Nasi tuna ganda la yai na ganda la risasi. Chombo kimoja, jina moja, na ndani yake tayari kuna uhai na mauaji kabla mlango haujafunguka.

Utajua hatua hii imekaa sawa ukipata angalau neno moja ambalo watu wawili ndani ya filamu wamelisoma tofauti, na tofauti hiyo ikaleta tukio. Kama haikuleta tukio, ni pambo.

## Hatua ya 6: Pima kila maana fiche

Sasa una safu ya kulia yenye mistari kadhaa. Mingi itakufa hapa, na ni vizuri ife. Ulize kila mstari maswali matatu. Umesimama juu ya tukio gani la kushoto? Unaeleza nini ambacho tukio lenyewe halikujieleza? Na kuna onyesho gani linaloupinga?

Tujaribu ndege. Kushoto: ndege yuko ndani ya tundu, anabebwa chomboni. Kazi yake ya wazi ni ileile ya kanari wa migodini. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walishuka na ndege hao kwa sababu hewa yenye sumu ya monoksidi ya kaboni humwangusha ndege kabla ya mtu, na desturi hiyo ilidumu hadi miaka ya 1980.

Usomaji wa kwanza ambao nimeuona mara nyingi: "Ndege ndani ya tundu ni roho ya binadamu iliyofungwa." Swali la kwanza: inasimama juu ya tukio gani? Tundu, basi. La pili: inaeleza nini? Hakuna. La tatu: ndege hafunguliwi kamwe, hafi, haruki. Usomaji huu ungeweza kubandikwa kwenye ndege yeyote katika filamu yoyote. Ufute.

Usomaji wa pili: "Ndege ni kipimo cha kuaminiana." Tukio: ndege yu mzima ndani ya chombo, na Louise anavua suti ili wageni wamwone. Unaeleza nini? Unaeleza kwa nini kuvua suti ni ujasiri na bado si wazimu; ushahidi ulikuwepo, askari hawakuutazama. Kuna kinachoupinga? Hakuna. Tena unapata nguvu baadaye, kwani Hannah anachora wazazi wake wawili pamoja na ndege tunduni. Kitu kilichoingia kama kifaa cha kupima hatari kimeishia kwenye mchoro wa mtoto. Huu ubaki.

Pima sasa kile kikubwa, Louise na Hannah. Watu huandika: "Louise angejua, asingeolewa na Ian." Lakini anajua. Ndiyo maana ya wazi. Amemwona mtoto, ameona kitanda cha hospitali, amemwona Ian akiondoka baada ya kuambiwa, na bado anakubali. Filamu haiko kwenye *-nge-*, iko kwenye *-japo-*: ajapojua, anakubali. Kwa maana ya wazi hakuna mtu wa kawaida anayeweza kufanya hivyo, kwani hakuna anayeuona wakati wote kwa pamoja. Upande wa kulia, kila anayempenda mtu anajua kwamba mmoja wao atatangulia, na hapati tarehe tu. Tofauti kati ya Louise na mzazi mwingine ni tarehe.

Angalia jinsi usomaji huo ulivyotegemea hatua ya 3. Anayedhani Hannah alikufa zamani hawezi kuufikia hata akikesha.

## Hatua ya 7: Tenganisha chako na kilichokwisha kusemwa

Fupi. Pitia safu ya kulia na kuweka alama kwenye kila wazo ambalo mhusika amelitamka mwenyewe. Wachina wanawasiliana na wageni kwa kutumia vigae vya mahjong, na Louise anaeleza tatizo: ukifundisha kwa mchezo wa ushindani, kila kauli inakuwa ya kushinda na kushindwa, mwenye nyundo peke yake huona misumari kila mahali. Hiyo ni sitiari ya Louise. Unaweza kuitumia kama ushahidi, usijivike kama ugunduzi.

Majina Abbott na Costello waliyopewa wageni wawili ni jambo tofauti. Ni ya wachekeshaji wawili wa Marekani ambao kichekesho chao maarufu kinahusu watu wasioelewana kwa sababu ya majina. Filamu haikuelezi. Hapo una haki ya kuandika.

## Hatua ya 8: Andika aya kwa mpangilio

Kila aya ya uchambuzi ifuate njia hii: tukio la wazi, kisha tukio jingine linalolijibu, kisha maana fiche, kisha mpaka wake, yaani pale ambapo usomaji wako unaishia.

Aya isiyofanya kazi: "Silaha katika filamu inaashiria uovu wa binadamu na hofu yake ya mambo mapya. Hii inaonyesha umuhimu wa amani."

Aya inayofanya kazi: "Timu ya Montana inasoma alama ya wageni kama kutoa silaha, China inaisoma kama kutumia silaha, na nchi zinaacha kupeana taarifa. Baadaye Louise anaelewa kwamba kinachotolewa ni lugha yenyewe, ambayo humfungulia mtu wakati, na kwamba kila chombo kimeleta sehemu moja kati ya 12. Alama moja imemwonyesha kila msomaji kile alichokuja nacho: mwenye makombora ameona kombora, mwenye kamusi ameona lugha. Usomaji huu hauhusu wageni wenyewe. Wao wanataka msaada wa binadamu baada ya miaka 3,000, na kwao huenda hakuna tofauti kati ya zana na zawadi."

Ya pili ni ndefu, naam, lakini hakuna sentensi unayoweza kuihamishia filamu nyingine. Ndicho kipimo. Chukua kila sentensi ya uchambuzi wako na ujaribu kuihamisha. Ikihama bila kuchubuka, ifute.

## Mistari inayobaki mitupu

Utakuta safu ya kushoto ina mambo ambayo kulia hayana kitu. Usiyalazimishe. Helikopta zimo kwa sababu jeshi husafiri kwa helikopta.

Mengine ni matupu kwa namna nyingine. Bomu lililotegwa na askari linalipuka chomboni, na Louise anaporudi anamkuta Costello peke yake. Mwenzake, Costello anaandika, yumo katika mchakato wa kufa. Louise anasema pole. Kushoto nimeandika hivyo tu. Lakini anayesema ni kiumbe anayeuona wakati wote kwa pamoja, aliyejua kuhusu bomu kabla ya kushuka duniani, na Abbott naye alijua, na ndiye aliyekuwa akimgongea Louise kwenye kizuizi kumhimiza sekunde zikiisha. Nimeitazama filamu hii mara nane. Upande wa kulia wa mstari huo kuna tarehe nane, na baada ya kila tarehe, nafasi.